Kusakinisha WordPress kwa mkono: historia ya programu zilizokataa kufa

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hulimaliza kwa kubofya kitufe kimoja: kusakinisha WordPress. Kampuni nyingi za seva zina kitufe hicho, na si vibaya kukitumia. Lakini ukikodi seva pepe tupu na kuweka kila kitu mwenyewe, amri baada ya amri, utakuwa unapita katika historia ndefu. Tena ni hadithi moja inayojirudia: mwenye programu anaondoka, au anafunga mlango, na watumiaji wanachukua msimbo aliouacha na kusonga mbele.

Tuanze na seva yenyewe. Seva pepe ni mashine moja kubwa iliyogawanywa kama ploti ya nyumba za kupanga: kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake. Wazo hili ni la zamani. IBM walikuwa nalo miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakatoa VM/370 kwa ajili ya mashine zao kubwa. Mtu wa kawaida alingoja sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa ama ukodi nafasi kwenye seva ya pamoja ambayo huna mamlaka nayo, ama ukodi mashine nzima kwa bei ya kuumiza. Mwaka 2003 Linode ilianza kukodisha seva pepe za Linux, na mwaka huohuo watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakatoa Xen, programu huria ya kugawanya mashine. Agosti 2006 Amazon wakaitumia Xen kuanzisha EC2, kwa senti 10 za dola kwa saa.

Haya, seva umepata. Hatua ya kwanza ni kuingia: unaandika ssh na anwani. SSH iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu huko Helsinki, baada ya mtandao wa chuo chake kuvamiwa na maneno ya siri kunaswa. Baadaye leseni ya matoleo yake ilizidi kubanwa. Watengenezaji wa OpenBSD wakarudi kwenye toleo la zamani lililokuwa bado huru, wakalisafisha, na Desemba 1999 wakatoa OpenSSH. Unapoingia kwenye seva yako ya Linux leo, kwa kawaida unapita katika mlango huo.

Hatua ya pili, Apache. Mwaka 1994 Rob McCool, aliyeandika programu ya seva ya wavuti katika kituo cha NCSA, Illinois, aliondoka na kazi ikakwama. Wasimamizi wa tovuti waliokuwa wakiitegemea walikuwa wameshaitia viraka vyao wenyewe. Wakaanza kubadilishana viraka hivyo kwa barua pepe, na Aprili 1995 kikatoka kitu kinachoitwa Apache.

Hatua ya tatu, hifadhidata. MySQL nayo ni ya 1995, na My ni jina la binti wa Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi. Sun wakainunua mwaka 2008, kisha Oracle wakamaliza kuinunua Sun Januari 2010. Widenius hakungoja kuona mwisho wake. Mwaka 2009 alichukua msimbo uleule akaanzisha MariaDB, akaipa jina la binti yake mdogo. Tangu Debian 9 ya mwaka 2017, ukiomba hifadhidata ya kawaida ya MySQL kwenye Debian, unapewa MariaDB.

Hatua ya nne, PHP. Juni 1995 Rasmus Lerdorf aliwapa watu vijiprogramu alivyoviandika ili ajue nani anasoma wasifu wake mtandaoni. Basi SSH, Apache, MySQL na PHP, zote ni za mwaka mmoja! Mimi nilikuwa hata sijazaliwa.

Sasa WordPress yenyewe. Mwaka 2001 Mfaransa Michel Valdrighi aliandika programu ya blogu iitwayo b2. Mwisho wa 2002 akawa kimya, na watumiaji wake wakabaki yatima. Januari 2003 Matt Mullenweg, kijana wa miaka 19 huko Texas, akaandika kwenye blogu yake kwamba anafikiria kuiendeleza, kwa kuwa leseni ya GPL inaruhusu. Mike Little wa Uingereza akajibu kwamba yuko tayari kusaidia. Tarehe 27 Mei 2003 toleo la kwanza likatoka.

Linganisha na Movable Type, iliyokuwa ikipendwa sana na wanablogu. Mei 2004 ilipotoa toleo la 3.0 lenye masharti mapya ya malipo, wengi walihamia WordPress. Kwa Movable Type mwenyewe alibadili masharti, na wengi wakahama. Kwa b2 mwenyewe alinyamaza kabisa, na programu ikaishi.

WordPress hujivunia kwamba kuisakinisha ni dakika tano. Ni kweli, lakini saa inaanza kuhesabu baada ya hizo hatua nne. Unapakua faili, unatengeneza hifadhidata, unaandika jina lake, mtumiaji na neno la siri ndani ya wp-config.php, basi. Ongeza cheti cha bure cha Let's Encrypt, huduma iliyofunguliwa kwa umma Desemba 2015, na tovuti iko hewani.

Kwa nini ujisumbue? Kumbuka GeoCities. Oktoba 2009 Yahoo waliifunga, na kurasa za mamilioni ya watu zikaondolewa. Watu wa kujitolea waliokoa sehemu, nyingine zikapotea. Mwenye ukurasa alikuwa mgeni tu katika nyumba ya mtu. Kwenye seva yako, vitu viwili vinatosha kubeba tovuti nzima: nakala ya hifadhidata na folda ya wp-content. Mwenye seva akipandisha bei au akifunga duka, unahama na vyombo vyako.

Uhuru huo una kazi yake. Tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013 WordPress hujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo, lakini mfumo ulio chini yake ni jukumu lako. Nakala ya akiba nayo, usipoiweka wewe, usidhani kuna mtu amekuwekea. Iweke mahali pengine, si kwenye seva ileile.

Jaribuni wikendi hii, na atakayekwama aniandikie, tutasaidiana. Tuonane tena.