Bitana na Shimizi: Habari za Nguo ya Ndani ya Vazi Jepesi

Kiswahili kina maneno mengi ya vitambaa vyepesi, na mengi katika hayo yalikuja pamoja na vitambaa vyenyewe kwa njia ya bahari. Melimeli ni malmal ya Wahindi. Doria pia ni neno lao, nayo ni nguo nyembamba yenye milia. Bafta ni neno la Kiajemi, maana yake "iliyofumwa". Lakini yako na maneno mengine, machache, yasiyotajwa sana madukani: bitana, kaba, shimizi, gagulo. Hayo ni majina ya nguo isiyoonekana. Katika maelezo haya twataka kuonyesha ya kuwa vazi jepesi, kwa desturi, ni mavazi mawili, na kwamba lile la ndani ndilo lichukualo uzito wa kazi na wa heshima pia.

Tuanze na neno bitana. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno batini, yaani lililofichika, kinyume cha dhahiri. Waarabu hulitumia neno hilo hilo kwa watu wa siri ya mtu, wale awaaminio na kuwaweka karibu naye. Basi bitana si kipande cha kuongeza tu. Ni msiri wa nguo.

Kitambaa kilichohitaji msiri kuliko vyote kilifumwa Dhaka, katika nchi iitwayo leo Bangladesh. Pamba yake ilimea kando ya mto Meghna, na wafumaji wakavipa vitambaa vyao majina kwa kadiri ya wepesi wake: kimoja kiliitwa maji yapitayo, kingine umande, na kingine baft hawa, yaani hewa iliyofumwa. Hapo Mswahili hahitaji mkalimani, kwa kuwa bafta aijua, na hewa aijua. Husimuliwa kwamba mfalme Aurangzeb, aliyetawala tangu 1658 hata 1707, alimkemea binti yake kwa kutokea mbele ya watu kama asiyevaa nguo. Naye akajibu kwamba amevaa tabaka saba. Iwe kweli au iwe hadithi tu, yatuonyesha jambo ambalo kila mshoni alijua: kitambaa kipitishacho nuru hakisitiri mpaka kiwe juu ya kingine.

Ulaya ilijifunza jambo hilo kwa fedheha. Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha mjini Paris picha ya malkia Marie Antoinette, amevaa gauni jeupe jepesi, limefungwa kiunoni kwa ukanda. Watazamaji walinung'unika. Vazi hilo lilifanana mno na chemise, ile nguo ya ndani ivaliwayo juu ya ngozi, hata wengine wakaona kama malkia amechorwa kabla hajamaliza kuvaa. Tena ikasemwa kwamba ameiacha hariri ya Lyon kwa kupenda nguo za kigeni. Picha ikaondolewa, ikawekwa nyingine ambayo ndani yake malkia amevaa hariri. Walakini mtindo haukuondoka pamoja na picha. Gauni lile liliendelea kuvaliwa, likaitwa kwa jina lake, shimizi ya malkia.

Hapo pana fundisho. Nguo ya ndani ilipotoka nje, nafasi yake haikukaa tupu. Wanawake wa Ulaya waliovaa melimeli nyembamba katika miaka ya 1800 walivaa chini yake nguo nyingine ya kitani, ya pamba au ya hariri, nyeupe au ya rangi. Ikiwa ya waridi, gauni jeupe liliona haya. Ikiwa ya buluu, lilipoa. Wakati huo Uingereza yenyewe ilikuwa ikifuma melimeli, kwa sababu Samuel Crompton alikuwa amebuni mwaka 1779 mashine iliyoweza kusokota uzi mwembamba sana. Nguo ikawa rahisi Ulaya, na Dhaka wafumaji wakakosa soko. Hata hivyo ufumaji wa jamdani, yaani melimeli ya maua, haukufa, na mwaka 2013 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Tukija kwenye ushoni, njia ni tatu. Ya kwanza ni kukata kila kipande mara mbili, cha juu na cha bitana, kuvipiga bandi pamoja, kisha kuvishona kama kitambaa kimoja. Njia hii hutia nguvu na kuficha mishono, nayo yafaa kifuani na mabegani. Ya pili ni kuiacha bitana ining'inie, imeshikwa shingoni au kiunoni tu, ili kitambaa cha juu kisipoteze mwendo wake. Ya tatu ni shimizi iliyo mbali, ifuliwayo peke yake na kutumika kwa magauni mengi; lakini hapo mishono ya gauni lazima ikunjwe mara mbili, kwa kuwa itaonekana.

Katika njia zote sheria ni zile zile. Vitambaa vyote viwili vifuliwe kabla ya kukatwa, maana bitana ikirudi baada ya kushonwa, nguo ya juu hujikunja. Mtande wa bitana ufuate mtande wa nguo. Bitana isiwe nzito kuliko kitambaa kilicho juu yake, wala upindo wake usifike chini sawa na upindo wa gauni.

Na pwani yetu haikungoja gauni ili kuijua elimu hii. Kanzu ya kitambaa chembamba hutiwa kaba shingoni, kwa kuwa hapo ndipo vazi lote linapong'inia na ndipo lingepasuka kwanza. Hata neno shimizi lina habari yake. Ni chemise ile ile ya Wafaransa, iliyotokana na camisia ya Kilatini, mama wa camisa ya Wareno. Paris iliitoa nje ikazua kelele. Kiswahili kiliipokea ndani, kikaiacha huko huko, mahali pake pa asili.

Siku hizi magauni mengi hununuliwa yamekwisha kushonwa, na mnunuzi hutazama rangi na mkato wa nje. Twamshauri aligeuze kwanza, atazame bitana, na kama haipo aulize shimizi. Na wasomaji wetu walio karibu na mafundi wazee twawaomba wawaulize majina ya sehemu hizi za ndani na kuyaandika, kila mtu kwa lahaja ya kwao. Kitambaa kikiisha dukani huagizwa kingine, bali jina la bitana likisahauliwa na fundi wa mwisho aliyelijua, hakuna jahazi litakalolirudisha.