Jukwaa la Shule: Habari za Michezo ya Kuigiza Kenya

Katika mkutano wetu wa mwaka jana kulizuka ubishi ambao wengi wenu mtaukumbuka. Binti mmoja wa jamaa zetu alitwambia kwamba katika masomo yake ya mtihani wa GCSE amechagua drama na uchoraji. Wazee wawili watatu waliguna. Mmoja akasema hatukuvuka bahari ili watoto waje kujifunza kuchezacheza jukwaani, na mwingine akamwunga mkono. Kamati ya kitabu hiki ikanitaka niandike machache juu ya historia ya mambo haya huko nyumbani. Nimekubali, maana naona tunasahau tulivyosoma sisi wenyewe. Katika sisi tuliosoma Kenya, ni wachache ambao hawakupata kushika mkuki wa mbao au kuvikwa kanzu ya babu ya mtu, wakasimama mbele ya shule nzima huku miguu ikitetemeka.

Tuanze Kikuyu, katika Shule ya Alliance. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1926 na madhehebu ya Kiprotestanti kwa ushirikiano, na tangu 1940 hadi 1962 mwalimu mkuu alikuwa Mwingereza Carey Francis, ambaye habari za ukali wake zilifika mpaka kwetu pwani. Hapakuwa na somo lililoitwa drama. Palikuwa na Shakespeare. Wanafunzi walizisoma tamthilia zake darasani, na kila mwaka moja ilichezwa mbele ya shule na wageni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi hapo tangu 1955 hadi 1958, ameandika kwamba katika miaka hiyo aliona As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Vijana wa Kenya walikariri maneno ya wafalme wa Uingereza wakati nchi yao wenyewe iko katika hali ya hatari, na jamaa za baadhi yao wamo kizuizini.

Lakini katika shule hiyo hiyo, miaka ile ile ya 1950, vijana walifanya jambo ambalo hawakuamriwa na mtaala wowote. Walitunga michezo yao wenyewe, na wakaitunga kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda, Lakini. Kimani Nyoike akaandika Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, na B. M. Kurutu akaandika Atakiwa na Polisi. Hata asiyezisoma kazi hizo, akiyatazama majina yake tu atajua kuwa haya si mambo ya wafalme. Ni mapenzi, uchawi, polisi, na kijana anayejiuliza maisha yanampeleka wapi. Kazi ya Kuria ilipigwa chapa mwaka 1957 na ya Gerishon Ngugi mwaka 1961, na wanaoandika historia ya fasihi yetu huzihesabu miongoni mwa tamthilia za mwanzo kabisa za Kiswahili kuchapishwa.

Hapa naomba tukae kidogo. Sisi watu wa pwani tumezoea kujihesabu kuwa ndio wenye lugha, na katika ushairi hakuna wa kutupinga. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na Muyaka wa Mombasa alikuwa amekwisha kufa kabla hao wamishenari hawajatuletea shule. Ngoma tulikuwa nazo za kila namna, na watambaji wa hadithi, na mafundi wa kuwaiga watu harusini hata mwenye kuigwa akaona haya. Lakini mchezo ulioandikwa, wenye wahusika na mazungumzo na pazia, haukuwa katika mila zetu. Huo uliingia katika Kiswahili kupitia shule, na kwa upande wa Kenya uliletwa na wavulana wa bara ambao majumbani kwao walisema lugha nyingine kabisa. Nadhani sababu ni nyepesi. Alliance ilikusanya vijana wa makabila mengi. Kikikuyu kisingefahamika na Mluhya, wala Kijaluo kisingefahamika na Mkamba. Kiingereza kilikuwa cha mwalimu na cha mtihani. Ukitaka kumchekesha mwanafunzi mwenzio na mpishi wa shule kwa neno moja, ulikuwa na lugha moja tu ya kutumia.

Katika habari hizi kuna Mwingereza mmoja asiyefaa kusahauliwa, naye ni Graham Hyslop, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni wa muziki na michezo ya kuigiza. Yeye naye aliandika michezo ya Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, iliyotoka mwaka 1957. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, alikuwa mmoja wa watu watano waliopewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa, pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti waliyoichagua ilitoka katika wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Jamaa zetu wa Mto Tana hawachoki kutukumbusha jambo hili, na wana haki.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na mipango yake. Jumba la Kenya National Theatre lilifunguliwa Nairobi Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya hali ya hatari kutangazwa, na kwa miaka mingi lilikuwa la Wazungu na michezo yao. Mashindano ya muziki, Kenya Music Festival, yalikuwapo tangu 1927. Mwaka 1959 yakaanzishwa mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule. Lugha ilikuwa Kiingereza na waamuzi walikuwa Waingereza. Kijana aliyetamka neno kwa ulimi wa kwao alipoteza alama, hata akiwa ameucheza mchezo vizuri namna gani.

Uhuru ulipatikana Desemba 1963, na kwa muda mashindano yaliendelea vile vile kama kwamba hakuna kilichotokea. Mageuzi yalianzia Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walitaka idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake iwekwe idara itakayoanza na fasihi ya Afrika, ikiwamo ile isemwayo kwa mdomo. Mwaka 1974 chuo kikatoa kikundi cha wanafunzi kilichozunguka nchini kikicheza bure. Walimu waliotoka hapo walikwenda shuleni na fikira hizo. Francis Imbuga, ambaye kitabu chake Betrayal in the City kilisomwa na vijana wengi wa Kenya, alikuwa naye mtoto wa Alliance. Mchezo huo ulipelekwa Lagos mwaka 1977 katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, pamoja na The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ na Micere Mugo. Kabla ya safari, mwaka 1976, ilikuwa shida kubwa michezo hiyo ya wananchi kupewa nafasi katika jumba la taifa lao wenyewe, kwa kuwa siku zilikuwa zimekwisha kupewa vikundi vya Wazungu. Miaka 13 baada ya uhuru!

Kwa upande wa shule, mambo yalibadilika alipowekwa Mwafrika wa kwanza, Wasambo Were, kuwa afisa wa kusimamia michezo hiyo. Mashindano yakatoka Nairobi yakapelekwa mikoani. Kiswahili kikaingia kwa nguvu, na pamoja na michezo wakaingiza ngoma, mashairi ya kughaniwa na hadithi za kusimuliwa. Mtoto aliyekuwa akichapwa kwa kusema lugha ya nyumbani sasa alipewa kikombe kwa kuicheza ngoma ya bibi yake. Bado halikuwa somo la mtihani. Mazoezi yalifanywa jioni baada ya masomo, na mwalimu aliyewafundisha mara nyingi alikuwa wa Kiswahili au wa Kiingereza, akijitolea saa zake.

Nisiseme kwamba njia ilikuwa nyeupe. Mombasa tunamjua Alamin Mazrui, ambaye tamthilia yake Kilio cha Haki, habari ya wafanyakazi wa shamba wakiongozwa na mwanamke aitwaye Lanina, ilitoka mwaka 1981. Mwaka uliofuata aliwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Walioogopa kuandika baada ya hapo hatuna haki ya kuwacheka.

Wenzetu wa Tanzania walishika njia nyingine, nami nitapita haraka kwa sababu inastahili makala yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera za Mathias Mnyampala ziliingia shuleni, watoto wawili wakijibizana kwa mashairi juu ya siasa ya nchi. Ebrahim Hussein akaandika Kinjeketile, iliyochapwa 1969, ambayo ilisomwa hata Kenya. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo.

Na kuchora je? Huko bahati ilikuwa ndogo zaidi, kwa sababu mchezo unahitaji sauti na kiwanja, na picha inahitaji rangi, karatasi na mwalimu aliyefunzwa. Mwalimu huyo alitoka Makerere, ambako Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937. Katika wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Mkenya Gregory Maloba, ambaye sanamu yake ya uhuru imesimama Kampala tangu 1962. Mwingine alikuwa Sam Ntiro, Mchaga wa Machame. Wazee wanaosema kuchora si kazi, na wafikiri kidogo juu ya Ntiro: Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mchoraji huyo ndiye aliyetumwa hapa London kuwa balozi wake wa kwanza.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta sanaa, ufundi na muziki katika shule za msingi, na wazazi wa wakati huo wanakumbuka gharama ya vifaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani, na lisilotahiniwa shule nyingi hazikulifundisha tena. Jukwaa halikufa. Vikundi vya waigizaji viliendelea kuzunguka shuleni vikicheza vitabu vya mtihani wa Kiswahili, Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, kisha Mstahiki Meya cha Timothy Arege, kisha Kigogo cha Pauline Kea. Kijana ambaye hakuelewa kitabu baada ya kukisoma mara tatu alikielewa kwa kukitazama saa mbili ukumbini.

Yaliyotokea katika shule ya wasichana ya Butere yanaonyesha kuwa wakubwa bado wanausikiliza mchezo wa watoto kuliko wanavyokiri. Mwaka 2013 wasichana hao walicheza Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala, juu ya ukabila na ugawaji wa mali ya nchi. Wakazuiwa kwenda mashindano ya taifa. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda Mahakama Kuu, na Jaji David Majanja akaamuru wacheze. Mwaka 2025 yakarudi yale yale. Mchezo wao Echoes of War, wa Malala huyo huyo ambaye sasa amekuwa mwanasiasa, ulikuwa juu ya vijana wa nchi ya kubuni na wanaowatawala. Ukatolewa mashindanoni, mahakama ikaurudisha. Tarehe 10 Aprili, huko Nakuru, wasichana waliingia jukwaani asubuhi bila watazamaji, na mwandishi wao amekamatwa na polisi. Waliimba wimbo wa taifa, ule wa Wapokomo, wakatoka bila kucheza. Nje polisi walikuwa wakitupa gesi ya kutoa machozi.

Mtu anaweza kusema, na wengine wamesema, kwamba mwanasiasa aliwatumia watoto. Huenda. Mimi nauliza tu: katika masomo yote wanayofundishwa watoto wa Kenya, ni lipi jingine lililopata kupelekewa polisi?

Sasa drama imekuwa somo lenye jina. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya 10 mwezi Januari 2026, na wamegawanywa katika njia tatu, moja ikiwa ya sanaa na michezo. Ndani yake kuna muziki na ngoma, kuna uigizaji na filamu, na kuna uchoraji. Serikali ilikadiria kuwa kama 15 katika kila wanafunzi 100 wangeifuata njia hiyo. Ugumu wa sasa ni walimu na vyumba, ugumu ule ule wa zamani, kwa kuwa shule nyingi hazikuwahi kuwa na mtu wa kufundisha ila yule mwalimu wa Kiswahili wa saa za jioni.

Mwenye picha ya mchezo wowote wa shule, au daftari lenye maneno yake, hata kama limeliwa na mchwa, naomba amkabidhi katibu wa kamati. Tunataka kuzitia katika kitabu cha mwaka ujao, na tafadhali andikeni nyuma ya picha majina ya waliomo, maana nyuso hizo zimebadilika sana.