Moyo msikivu
Moyo msikivu ni kipawa alichoomba Mfalme Sulemani huko Gibeoni, kama kinavyosimulia Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3. Kiebrania husema lev shomea, yaani moyo unaosikia. Na kwa Waebrania wa kale moyo ulikuwa makao ya fikra, si ya hisia tu. Wapo wanaodai kwamba usikivu huo ni kumeza kila neno bila kuhoji. Dai hilo halisimami: mfalme aliuomba ili awaamue watu na kupambanua mema na mabaya, kazi isiyowezekana bila kuhoji. Pingamizi zito zaidi dhidi ya kipawa hicho limo katika sura ya 11, ambamo Sulemani huyohuyo, uzeeni, anafuata miungu ya wake zake. Lakini msimulizi hasemi kwamba maarifa yalimwishia. Anasema moyo wake uligeuzwa.