Medali ya Tisa ya Christy Ring

Mshindi hubebwa mabegani na watu wake. Hiyo ni desturi ya viwanja vingi. Walakini tarehe 23 Septemba 1956, katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, aliyebebwa alikuwa mtu aliyeshindwa, na waliombeba walikuwa wale waliomshinda. Mtu huyo ni Christy Ring wa wilaya ya Cork, kusini mwa Ayalandi.

Mchezo wake ulikuwa halingi, mchezo wa kale wa Waayalandi. Watu kumi na watano hukabili kumi na watano, kila mmoja na fimbo iliyopanuka mwishoni, nao hupiga mpira mdogo wa ngozi, chini au hewani, kwa nguvu ya kutisha. Mpira ukipita juu ya mwamba, kati ya milingoti, huhesabiwa pointi moja; ukiingia wavuni ni goli, na goli moja ni sawa na pointi tatu. Hesabu hii yafaa kukumbukwa, maana ndiyo iliyokuwa mizani ya siku ile.

Ring alizaliwa mwaka 1920 karibu na kijiji cha Cloyne. Alianza kuichezea Cork mwaka 1939, na bado kijana alikuwamo katika timu iliyotwaa ubingwa wa Ayalandi nzima mara nne mfululizo, 1941 hata 1944. Mwaka 1946 akiwa nahodha aliitwaa tena, na katika fainali hiyo aliuchukua mpira kutoka mbali, akawapita walinzi wa Kilkenny mmoja baada ya mmoja, akafunga goli ambalo wazee wa Cork hawakuchoka kulisimulia. Kisha yakaja ya 1952, 1953 na 1954. Medali nane! Hapana mtu aliyepata kufikia idadi hiyo kabla yake.

Kwa yote hayo hakulipwa mshahara. Chama kinachosimamia mchezo huo, kilichoundwa katika mji wa Thurles mwaka 1884, hakikuruhusu mchezaji kuufanya kazi ya kujipatia riziki. Ring alikuwa dereva wa lori la mafuta. Jumapili alitazamwa na maelfu, na Jumatatu alirudi kwenye usukani. Husimuliwa kwamba fimbo na mpira havikukosekana ndani ya lori lake.

Basi mwaka 1956 akarudi Croke Park kutafuta medali ya tisa, naye karibu atimize miaka thelathini na sita. Fainali ilikuwa imecheleweshwa kwa sababu ya ugonjwa wa polio uliozuka Cork. Wapinzani walikuwa Wexford, ambao Cork iliwashinda katika fainali ya 1954, lakini sasa walikuwa mabingwa wa mwaka uliopita. Zikiwa zimebaki dakika chache, Wexford wakiwa mbele kwa pointi mbili tu, Ring alipata mpira mbele ya goli, akaupiga. Goli moja lingewapa Cork uongozi. Mlinda mlango Art Foley akauzuia. Kitambo kidogo baadaye mpira ulikuwa upande wa pili, na Nickey Rackard akaifungia Wexford goli lililokata mzizi wa fitina. Matokeo yalikuwa magoli 2 na pointi 14 kwa magoli 2 na pointi 8.

Kipenga kilipolia, Nick O'Donnell na Bobby Rackard, walinzi wa Wexford, walimwinua Ring mabegani wakamtoa uwanjani. Yamkini hapana medali iliyopata kumpa heshima kama hiyo. Aliyepambana naye kwa saa nzima ndiye aliyejua uzito wake.

Aliendelea kuichezea Cork mpaka mwanzoni mwa miaka ya sitini, lakini Cork haikufika fainali tena ila mwaka 1966, naye alikwisha kuondoka. Medali ya tisa haikuja. Idadi yake imepitwa tangu hapo; Henry Shefflin wa Kilkenny alifikisha kumi mwaka 2014.

Ring alifariki ghafula mjini Cork tarehe 2 Machi 1979, akazikwa Cloyne. Aliyenena kaburini alikuwa Jack Lynch, mwenzake wa tangu ushindi wa 1941, wakati huo Waziri Mkuu wa Ayalandi.