Uso wa Nyumba ni wa Nani?

Nyumba ni yako, hati unayo, rangi umenunua kwa pesa zako. Halafu unaambiwa ati huwezi kupaka mpaka msanifu majengo wa serikali akubali. Katika mji wa kale wa Sarlat, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mambo ni hivyo. Dirisha, mlango, paa, yote unaombea ruhusa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mnamo 1832, mwandishi Victor Hugo, akiwa amechoshwa na ubomoaji wa majengo ya kale, alitoa hoja kwamba matumizi ya jengo ni ya mwenyewe, lakini uzuri wake ni wa kila mtu. Sheria ilichukua muda kumfikia. Ile ya 1913 ililinda jengo moja moja: kanisa hapa, kasri pale. Ya 1943 ikaongeza mita 500 kulizunguka. Lakini mtaa mzima wa nyumba za kawaida? Huo haukuwa na mtetezi.

Na Sarlat ni mtaa kama huo. Karne ya 19 barabara mpya ilikatizwa katikati ya mji, nyumba zikabomolewa kuipisha. Zilizobaki zikaendelea kuchakaa. Kufikia miaka ya 1950, dawa ya mitaa michakavu Ufaransa ilikuwa moja tu: tingatinga.

Ndipo André Malraux, mwandishi wa riwaya aliyekuwa waziri wa utamaduni, akaleta sheria ya Agosti 4, 1962. Sasa eneo zima lingeweza kulindwa na kukarabatiwa, si jengo moja. Sarlat ilikuwa kati ya miji ya kwanza kufaidika. Leo kuta zake za mawe ya manjano zimesimama, na watalii wanafurika.

Lakini kwani nyumba ni ukuta tu? Tazama Marais, mtaa wa Paris uliolindwa kwa sheria hiyo hiyo. Mafundi na familia maskini walijaa humo. Ukarabati ulipokuja, bei za nyumba zikapanda, wengi wao wakahama. Kuta zilibaki, majirani wakaenda.

Mimi naiunga mkono sheria ya Malraux. Bila hiyo tungekuwa tunasoma habari za Sarlat kwenye picha za zamani. Ila kama uzuri wa nyumba ni wetu sote, basi hata mpangaji aliyeishi ndani yake miaka yote, mvua ikimvujia, alistahili kulindwa pamoja na dirisha lake.