Bellosguardo: Jumba la Huguette Clark
Santa Barbara, California, Marekani

Jumba hili linalotazama Bahari ya Pasifiki lilijengwa upya miaka ya 1930 na Anna Clark, mjane wa William A. Clark, tajiri wa shaba na seneta wa Montana. Baadaye lilirithiwa na binti yao, Huguette (1906–2011).

Huguette hakukanyaga hapa tena baada ya miaka ya 1950, lakini watunzaji waliendelea kulipwa ili kila kitu kibaki kilivyokuwa. Gereji ilihifadhi magari mawili ya 1933, Chrysler na Cadillac, yenye vibao vya namba vya 1949.

Yeye aliishi New York, akichora na kukusanya wanasesere, mbali na macho ya watu. Miaka 20 ya mwisho aliishi hospitalini, ingawa hakuwa mahututi.

Hakuacha mtoto. Mwaka 2005 alitia saini wosia mbili ndani ya wiki sita: wa kwanza uliwarithisha ndugu, wa pili ukawanyima. Kesi ya kugombea mali yake, takriban dola milioni 300, ilimalizwa kwa suluhu mwaka 2013. Ndugu walipata fungu lao, na jumba likakabidhiwa taasisi ya sanaa.