Mafunzo ya uandishi wa habari za biashara kuhusu tabianchi

Mafunzo ya uandishi wa habari za biashara kuhusu tabianchi na uwajibikaji wa makampuni ni kozi, warsha na programu za ulezi wa kikazi zinazomwandaa mwandishi wa dawati la uchumi kuchunguza mambo matatu: kampuni inachangia kiasi gani ongezeko la joto duniani, inaathiriwaje nalo, na je, ahadi zake kwa umma zinalingana na vitabu vyake. Kwa miaka mingi habari hizo ziliachiwa dawati la mazingira, pamoja na ukame, mafuriko na theluji ya Kilimanjaro. Dawati la biashara lilibaki na bei za hisa, gawio na mikutano mikuu ya wanahisa. Aliyejua sayansi hakujua kusoma mizania, na aliyejua kusoma mizania aliona hewa ukaa haimhusu.

Somo la msingi ni hesabu. Mwongozo unaotumika zaidi duniani, GHG Protocol, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, unagawa gesi joto za kampuni katika mafungu matatu. La kwanza ni gesi za mitambo na magari yake yenyewe. La pili linatokana na uzalishaji wa umeme inaoununua. La tatu ni zote zilizobaki, kuanzia kwa wauza malighafi hadi kwa mteja anayetumia bidhaa. Kwa kampuni ya mafuta, fungu hili la tatu ndilo mzigo wenyewe, maana mafuta huchimbwa ili yachomwe.

Afrika Mashariki ina mfano ambao mwalimu hahitaji kuutafuta mbali. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta yake yana nta nyingi, hivyo bomba hulazimika kupashwa moto njia nzima ili yatiririke, na ni rahisi mwandishi akaishia kwenye umeme wa kulipasha. Mwaka 2022 Richard Heede wa Climate Accountability Institute alikokotoa mnyororo mzima, kuanzia ujenzi, usafirishaji kwa meli na usafishaji hadi kuchomwa kwa mafuta hayo, akapata takriban tani milioni 379 za gesi joto katika miaka 25. Ujenzi na uendeshaji wa bomba ulikuwa asilimia 1.8 tu ya jumla hiyo. Msemaji wa mradi anaweza kutaja sehemu hiyo ndogo bila kusema uongo. Kazi ya mwandishi ni kuuliza mstari umechorwa wapi, na nani aliyeuchora.

Kisha aangalie umiliki. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa za EACOP, UNOC na TPDC, kampuni za mafuta za serikali za Uganda na Tanzania, zina asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina 8. Anayeliandika bomba hili kama habari ya Wafaransa amesahau kwamba fedha za umma wa Kampala na Dodoma nazo zimo ndani. Habari yenyewe pia haikomei Hoima. Oktoba 2025 mahakama ya Paris iliamua kuwa TotalEnergies iliwapotosha wateja kwa baadhi ya madai yake kuhusu kufikia hali ya kutoongeza kaboni ifikapo mwaka 2050.

Biashara ya kaboni inadai ustadi wa aina nyingine: kuzijua sheria za ardhi. Mradi wa Northern Kenya Rangelands uliuza hati za kaboni, zinazokusudiwa kufidia gesi joto za mnunuzi, kwa kampuni zikiwemo Netflix na Meta. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, mojawapo Biliqo Bulesa iliyokuwa ndani ya mradi huo, zilianzishwa kinyume cha sheria. Kesi ilikuwa imefunguliwa na wakazi mwaka 2021. Ripoti ya mwaka ya kampuni iliyonunua hati hizo isingemwonyesha msomaji mgogoro huo. Jalada la mahakama lingemwonyesha.

Hatifungani za kijani, za kukopea fedha za miradi ya mazingira, nazo zina maswali yake. Benki ya CRDB ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 171 kwa Kijani Bond mwaka 2023, na mwaka uliofuata Mamlaka ya Maji Tanga ikauza yake ya shilingi bilioni 53.12. Magazeti mengi huandika siku kengele inapogongwa kwenye soko la hisa. Ripoti za baadaye, zinazoeleza fedha zilikwenda wapi, ndizo zenye habari.

Mfano mashuhuri wa mafunzo yaliyozaa uchunguzi mkubwa unatoka Marekani. Mwaka 2015 wahitimu vijana wa Shule ya Uandishi wa Habari ya Columbia, New York, wakiongozwa na Susanne Rust, walipekua nyaraka za makampuni ya mafuta, Exxon ikiwemo, zilizohifadhiwa Texas na Calgary, ambako mtu yeyote angeweza kuziomba. Los Angeles Times ikachapisha matokeo. Ilibainika kwamba wahandisi walikuwa wakiingiza kupanda kwa kina cha bahari katika michoro ya mitambo yao, huku sekta hiyo hiyo ikiutilia shaka ushahidi wa sayansi hadharani. InsideClimate News, iliyofanya uchunguzi wake pembeni, ilionyesha kuwa mwanasayansi James Black aliwaeleza wakubwa wa Exxon kuhusu hewa ukaa tangu mwaka 1977.

ExxonMobil ilimwandikia rais wa Chuo Kikuu cha Columbia kulalamika, na mkuu wa shule, Steve Coll, akawatetea vijana wake. Kampuni ilishikilia pia suala la wafadhili, maana baadhi ya fedha zilitoka katika mifuko ya ukoo wa Rockefeller, warithi wa utajiri wa Standard Oil iliyoizaa Exxon. Hoja hiyo haikuzifuta nyaraka, lakini swali la nani analipia mafunzo ni halali popote.

Afrika Mashariki swali hilo lina sura ya posho. Warsha ya siku mbili hotelini, nauli na bahasha mkononi, huzaa habari moja inayomsifu mwenyeji. Mhariri naye anajua benki ipi hununua ukurasa mzima wa tangazo. Programu za muda mrefu zina nafuu: Bloomberg Media Initiative Africa, iliyozinduliwa mwaka 2014, ilianza kwa kuwafunza waandishi wa uchumi wa Kenya, Naijeria na Afrika Kusini. Earth Journalism Network ya Internews, tangu 2004, hutoa ruzuku na walezi hadi habari ichapishwe.

Nyenzo nazo zinaongezeka. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa taarifa za mazingira, jamii na utawala mwaka 2021, na Juni 2023 kikatoka kiwango cha kimataifa cha taarifa za tabianchi, IFRS S2. Kwa ratiba ya ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, taasisi zenye maslahi kwa umma zitalazimika kutoa taarifa kwa kiwango hicho kuanzia Januari 1, 2027.